Jimbo la Uchaguzi si Hesabu ya Vichwa Peke Yake

Mstari unaochorwa kwenye ramani ya uchaguzi huonekana kuwa kitu kidogo. Huchorwa ofisini, juu ya meza, na maofisa wenye takwimu za sensa mikononi; na wino ukikauka, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Lakini kwa mwananchi anayeishi karibu na mstari huo, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mstari huo ndio utakaoamua atapiga kura pamoja na nani, mbunge wake atamsikiliza kwa lugha gani, na shida zake zitakuwa shida za wengi au za wachache katika jimbo lake. Wahenga walikwisha sema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Katika utawala wa uwakilishi, mtu anaweza kuwapo kwa mwili, akapiga kura yake kila uchaguzi, na bado lake lisiwepo, kwa sababu tu mstari umepita upande usiofaa wa nyumba yake.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana mbali, kaskazini-mashariki mwa mkoa wa New Brunswick, katika Shirikisho la Kanada, kwenye jimbo la uchaguzi liitwalo Acadie–Bathurst. Jimbo hilo lina watu wapatao 80,000. Zaidi ya robo tatu yao lugha yao ya kwanza ni Kifaransa, wakati katika mkoa mzima wasemao Kiingereza ndio walio wengi. Historia yake ya kisiasa, tangu mwaka 1867 hadi leo, inafundisha mambo mawili ambayo hayapaswi kutenganishwa. La kwanza ni kwamba watu walio wachache katika nchi hawana budi kuwa na mahali ambapo wao ni wengi, ili sauti yao ifike Bungeni. La pili ni kwamba sauti hiyo, ikishapatikana, huwa kelele tupu ikiwa haisemi juu ya riziki ya wananchi.

Watumishi wa serikali na walimu wanayo sababu ya kuitazama historia hiyo kwa makini. Wao ndio wanaohesabu watu wakati wa sensa, wanaoandikisha wapiga kura, wanaosimamia vituo, na wanaomweleza mwananchi maana ya karatasi anayotumbukiza sandukuni. Mtu anayeshika kazi kama hiyo bila kujua uzito wake huweza kuwadhulumu watu pasipo kukusudia, huku akiamini kwamba ametimiza wajibu wake barabara.

Acadie–Bathurst ni nchi ya pwani. Upande mmoja iko ghuba ya Chaleur, upande mwingine ghuba kubwa ya Mtakatifu Lawrence. Miji yake ni Bathurst, Caraquet, Shippagan na Tracadie, na mbele yake viko visiwa vya Lamèque na Miscou. Wananchi wa huko huishi kwa uvuvi wa kaa na kamba wakubwa, kwa viwanda vya kusindika samaki, kwa misitu, na kwa muda mrefu waliishi pia kwa machimbo. Majira ya baridi yakifika bahari huganda, mashua hupandishwa nchi kavu, na viwanda hufungwa. Hiyo si hiari ya mtu wala uvivu wa mtu. Ndiyo hali ya nchi yenyewe. Asiyelielewa jambo hilo hawezi kuielewa siasa ya jimbo hilo.

Wengi wa wenyeji hao ni Waakadia, kizazi cha Wafaransa walioanza kuhamia pwani hiyo mwaka 1604. Mwaka 1713 Ufaransa iliwakabidhi Waingereza sehemu kubwa ya Akadia kwa mkataba, bila ya kuwauliza wenyeji, kama ilivyokuwa desturi ya wafalme wa Ulaya walipogawana nchi za watu. Kuanzia mwaka 1755 watawala wa Kiingereza waliwafukuza Waakadia kwa nguvu: waliwapakia melini kwa maelfu, wakachoma nyumba zao, na kuitoa ardhi yao kwa wengine. Baadhi ya waliokwepa mkono wa askari walikimbilia kaskazini, kwenye fukwe za ghuba ya Chaleur, wakaanza maisha upya kwa kuvua na kulima vijishamba. Na kabla ya wote hao walikuwapo Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao habari zao hazipaswi kusahauliwa na yeyote anayezungumzia haki za wachache mahali hapo.

Mwakadia alipofika ufukweni hakupata uhuru kamili. Alimkuta tajiri. Makampuni ya wafanyabiashara kutoka kisiwa cha Jersey, na hasa kampuni ya Robin, yalinunua samaki waliokaushwa kwa chumvi kwa bei waliyopanga matajiri wenyewe, nayo yakamlipa mvuvi kwa bidhaa za duka lao badala ya fedha. Mvuvi alichukua nyavu, unga na nguo kwa mkopo mwanzoni mwa msimu, na mwisho wa msimu alikuta samaki wake hawatoshi kulipa deni. Deni likaingia mwaka uliofuata, na baba akamrithisha mwana. Unyonyaji wa namna hiyo hauhitaji minyororo. Daftari moja tu la duka linatosha.

Hiyo ndiyo hali waliyokuwa nayo wananchi hao wakati Shirikisho la Kanada lilipoundwa mwaka 1867, na New Brunswick ikawa mmoja wa mikoa minne ya kwanza. Wilaya yao ilifanywa jimbo la uchaguzi kwa jina la Gloucester, jina lililotoka Uingereza. Mbunge wa kwanza aliyechaguliwa hakuwa Mwakadia. Alikuwa Timothy Warren Anglin, mzaliwa wa Ireland, mhariri wa gazeti katika mji wa Saint John, mtu aliyekuwa amelipinga Shirikisho lenyewe kabla halijaundwa. Anglin alipanda cheo hata akawa Spika wa Bunge tangu mwaka 1874 hadi 1878. Waakadia walimchagua kwa sababu alikuwa Mkatoliki kama wao, na kwa sababu miongoni mwao walikuwa bado hawajapatikana watu wengi wenye elimu na fedha za kuwawezesha kugombea.

Jambo lililoitikisa Gloucester katika miaka hiyo lilikuwa shule. Mwaka 1871 serikali ya mkoa ilipitisha sheria ya shule za umma zisizofuata dini yoyote, na kuwatoza watu wote kodi ya kuziendesha. Kuwa na shule za umma ni jambo jema. Lakini kwa Mwakadia sheria hiyo ilimaanisha kwamba atalipa kodi kwa ajili ya shule zisizoheshimu dini yake, na ambamo lugha yake haikuwa na dhamana yoyote. Watu wakagoma kulipa. Mwezi Januari 1875, katika Caraquet, ugomvi juu ya kodi hiyo na juu ya uongozi wa parokia uligeuka kuwa ghasia. Askari walipotumwa kuwakamata watu, risasi zilifyatuliwa ndani ya nyumba moja, na watu wawili wakafa: Louis Mailloux, kijana Mwakadia wa miaka 19, na askari mmoja, John Gifford. Waakadia kadhaa walishtakiwa kwa kifo cha askari, na mwishowe wakaachiliwa. Kwa kifo cha Mailloux hakuna aliyefikishwa mahakamani. Mwaka huo huo serikali ililegeza kamba: watawa wakaruhusiwa kufundisha, na mafundisho ya dini yakaruhusiwa baada ya saa za masomo.

Mwalimu wa leo anayesoma habari hizo atatambua jambo moja. Sheria iliyokuwa na shabaha nzuri iliandikwa bila ya kuwashirikisha wale watakaoibeba. Gloucester ilikuwa na mbunge Ottawa, naye aliwatetea Wakatoliki katika suala la shule. Lakini watu wenyewe, kwa lugha yao na kwa vinywa vyao, walikuwa mbali na meza ya maamuzi. Palipokosekana mdomo wa kusemea, jiwe na bunduki vikasema. Hasara yake ilikuwa vijana wawili kaburini kwa ajili ya marekebisho ambayo yangeweza kufanywa kwa mashauriano.

Ilichukua miaka 27 tangu mwaka 1867 ndipo Gloucester ikampeleka Ottawa Mwakadia wa kwanza, Théotime Blanchard, mwaka 1894. Baada yake alikuja Onésiphore Turgeon, msema Kifaransa mzaliwa wa Quebec, aliyelishika jimbo kwa miaka 22 tangu mwaka 1900. Kuanzia hapo Chama cha Kiliberali kilifanya Gloucester kuwa ngome yake kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini. Waakadia walikuwa wamejifunza kujipanga. Mwaka 1881 walifanya mkutano wao mkuu wa kwanza huko Memramcook, na mwaka 1884 walichagua bendera yao. Watu waliokuwa wametawanywa walianza kujihesabu kuwa ni watu wamoja.

Miongoni mwa wabunge wa kipindi hicho, Peter Veniot anastahili kukumbukwa. Yeye alikulia kati ya wasemao Kiingereza, akajifunza Kifaransa sawasawa ukubwani, na akaendesha gazeti la Kifaransa mjini Bathurst. Mwaka 1923 alikuwa Mwakadia wa kwanza kuwa waziri mkuu wa New Brunswick. Mwaka 1926 alichaguliwa mbunge wa Gloucester, akapewa wizara ya Posta. Mwaka uliofuata, stempu zilizotolewa kuadhimisha miaka 60 ya Shirikisho zilichapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa pamoja. Wapo watakaosema kwamba stempu ni kijikaratasi tu. Lakini mtumishi wa umma anajua kwamba serikali hukutana na mwananchi katika vijikaratasi: katika stempu, katika risiti, katika fomu, katika tangazo lililobandikwa mlangoni. Mwananchi akikuta lugha yake katika karatasi hizo, anatambua kwamba serikali nayo ni yake.

Hata hivyo lugha kwenye stempu haikumwondolea mvuvi deni. Ukombozi wa aina hiyo ulianza chini, kwa wananchi wenyewe. Mwaka 1936, katika kijiji cha Petit-Rocher, ilifunguliwa benki ya kwanza ya ushirika ya Waakadia wa New Brunswick. Senti za wavuvi na wakulima zilianza kukusanywa mahali pamoja na kukopeshwa wavuvi na wakulima wenyewe, badala ya kupita katika daftari la tajiri. Haba na haba hujaza kibaba. Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki, wakati uchumi wa dunia ulipoanguka, watu maskini wasio na kazi waliingia msituni kusini ya Bathurst wakiongozwa na padri mmoja aliyeitwa Allard. Walikata miti, wakang'oa visiki, wakajenga makazi yaliyopewa jina la Allardville. Jina hilo liwekwe akilini, kwa maana litarudi.

Mabadiliko makubwa ya kiserikali yalikuja miaka ya 1960. Louis Robichaud, Mwakadia kutoka wilaya ya Kent, aliongoza serikali ya mkoa tangu mwaka 1960 hadi 1970. Kabla yake kila wilaya ilijilipia shule na huduma zake kwa kodi iliyokusanya yenyewe. Matokeo yake ni kwamba wilaya tajiri zilikuwa na shule nzuri, na wilaya maskini kama Gloucester zilitoza watu wake maskini kodi nzito na bado zikawa na shule duni. Serikali ya Robichaud ilizifuta halmashauri za wilaya, na tangu mwaka 1967 gharama za elimu, afya na ustawi wa jamii zikachukuliwa na mkoa mzima. Mwaka 1969 mkoa ulipitisha sheria ya kuzifanya Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Katika muda huo huo mbunge wa Gloucester, Hédard Robichaud, mzaliwa wa Shippagan, alikuwa waziri wa Uvuvi katika serikali ya shirikisho. Mwaka 1971 akawa Mwakadia wa kwanza kuwa mwakilishi wa Malkia katika mkoa huo. Mtoto wa ufukweni alikuwa amekalia kiti cha gavana.

Pengine ingeweza kudhaniwa kwamba hapo safari imekwisha. Lugha imetambuliwa, shule zimejengwa, wabunge ni watu wa nyumbani, na mwaka 1990 hata jina la Gloucester liliondolewa, jimbo likaitwa Acadie–Bathurst. Lakini tukio kubwa kuliko yote katika siasa ya jimbo hilo lilikuwa bado linakuja, nalo halikuhusu lugha hata kidogo. Lilihusu chungu na kuni.

Mwaka 1988 jimbo lilimchagua Doug Young wa Chama cha Kiliberali, mzaliwa wa Tracadie na mtu mwenye uwezo mkubwa. Chama chake kiliposhika serikali mwaka 1993 alifanywa waziri, na mwaka 1996 alikabidhiwa wizara iliyosimamia bima ya wasio na kazi. Mwaka huo huo sheria ya bima hiyo ilibadilishwa. Haki ya mfanyakazi sasa ikahesabiwa kwa saa badala ya wiki. Aliyeingia kazini kwa mara ya kwanza alitakiwa kuwa na saa 910 kabla ya kupata chochote, na aliyeomba msaada mara kwa mara alikatwa kiasi. Katika ofisi za Ottawa hesabu hizo zilionekana kuwa njia ya kuwahimiza watu wafanye kazi. Katika kiwanda cha kaa, ambako kazi hutegemea barafu kuyeyuka na samaki kupatikana, zilikuwa adhabu kwa mtu ambaye kosa lake ni kuzaliwa penye bahari inayoganda. Kati ya msaada kwisha na msimu kuanza kulikuwa na majuma yasiyo na mshahara wala bima. Wenyeji walikiita kipindi hicho shimo jeusi.

Wananchi waliandamana, na uchaguzi wa mwaka 1997 ulipofika wakatoa hukumu. Young, waziri mwenye nguvu, aliangushwa na Yvon Godin, aliyekuwa mfanyakazi wa machimbo ya Brunswick na baadaye kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Godin alisimama kwa tiketi ya Chama Kipya cha Kidemokrasia, ambacho hakikuwahi kushinda kiti hicho. Alichaguliwa mara sita mfululizo, akastaafu mwaka 2015. Fundisho la uchaguzi huo ni zito. Young hakuwa mgeni. Alizaliwa pale na aliijua lugha ya pale. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakizaliwa kijiji kimoja. Mwananchi hamchagui ndugu yake ili amwone akipanda gari la waziri. Anamchagua ili njaa ya nyumbani ijulikane kule inakoamuliwa bei ya unga.

Wapo wanaodhani kwamba watu wachache wakipewa jimbo lao watapiga kura kwa kufuata damu na lugha tu, na kwamba wanasiasa watawaongoza kama kundi la kondoo. Acadie–Bathurst imekanusha dhana hiyo. Kwa sababu wananchi wale walikuwa na jimbo ambamo lugha yao haikuwa hatarini, waliweza kuyapima mambo mengine. Mtu ambaye kila uchaguzi ni lazima ajitetee kwamba yupo, hana nafasi ya kuuliza habari ya bima na mishahara. Usalama wa lugha ndio uliowapa uhuru wa kumkataa mtu wa lugha yao.

Ndipo mwaka 2003 mstari wa ramani ukaja kuligusa jambo hilo. Katika Kanada mipaka ya majimbo hutazamwa upya kila baada ya miaka 10. Tangu sheria ya mwaka 1964 kazi hiyo imekabidhiwa tume huru katika kila mkoa, ili chama chenye Bunge kisijichoree mipaka ya kujipatia ushindi. Huo ni utaratibu mzuri. Tume ya New Brunswick ilikuta kwamba jimbo jirani la Miramichi, ambalo wengi wa watu wake husema Kiingereza, lina watu pungufu ya wastani. Ili kusawazisha hesabu, iliwatoa maelfu ya wananchi wa Acadie–Bathurst, wakiwamo watu wa Allardville, ikawaingiza Miramichi.

Wananchi na mbunge wao walipinga, na tume haikukubali. Wakaenda mahakamani. Hawakudai kwamba watu wa Miramichi ni wabaya. Wakata miti wa Miramichi nao waliijua njaa ya nje ya msimu. Hoja yao ilikuwa kwamba shule zao, maduka yao, makanisa yao na kazi zao ziko upande wa Bathurst na pwani, na kwamba wakipelekwa upande wa pili watakuwa wachache wasiosikika. Mwaka 2004 Mahakama ya Shirikisho iliwapa haki. Ilisema kwamba sheria inairuhusu tume kupita juu au chini ya wastani hadi asilimia 25, na inaitaka izingatie jumuiya ya maslahi ya wananchi. Na kwamba tume ilikuwa imekosea katika kulipima jambo hilo kwa sababu ya kutafuta usawa wa hesabu. Uchaguzi wa mwaka huo ulifanyika kwa mipaka mipya kwa kuwa muda haukutosha kuirekebisha. Lakini mwaka 2005 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kubadilisha mpaka, na watu wa Allardville wakarudishwa nyumbani bila ya kuhama nyumba zao. Ikilinganishwa na Januari 1875, tofauti ni kubwa: safari hii hakuna aliyekufa, kwa maana palikuwa na mlango wa kubisha.

Haifai kuwadharau wanaotetea hesabu. Usawa wa kura ni msingi wa haki. Mahali ambapo kura ya mtu mmoja ina uzito wa kura tatu za mwingine, hapo pana upendeleo, hata ukipewa jina zuri. Na neno jumuiya linaweza kutumiwa vibaya na wenye uchu wa madaraka, wanaotaka kila ukoo uwe na jimbo lake na kila jimbo liwe mali ya ukoo. Kwa sababu hiyo sheria haikuacha mlango wazi kabisa, iliweka kiwango. Mahakama Kuu ya Kanada ilikuwa imekwisha lieleza jambo hilo mwaka 1991 katika shauri la mkoa wa Saskatchewan, ilipoamua kwamba haki ya kura ni haki ya kuwakilishwa kwa kweli, na kwamba usawa wa idadi ndio sharti la kwanza lakini si la pekee. Umbali, historia, jumuiya na haki za wachache nazo zina nafasi yake. Hesabu ni mzani, na mwenye kuushika mzani hana budi kujua anapima nini.

Faida ya uwakilishi wa kweli haikubaki ndani ya Acadie–Bathurst. Godin, akiwa Bungeni, alipigania sheria ya kuwataka majaji wa Mahakama Kuu ya Kanada waelewe Kiingereza na Kifaransa bila ya mkalimani. Muswada wake ulipita katika Baraza la wabunge mwaka 2010, ukafa katika Seneti Bunge lilipovunjwa mwaka 2011. Na alipouleta tena ulikataliwa mwaka 2014. Lakini wazo lililoshindwa mara mbili halikufa. Mwaka 2023 sheria ya lugha rasmi ilirekebishwa, na Mahakama Kuu ikaondolewa msamaha iliyokuwa nao katika jambo hilo. Mchimba madini kutoka pembe ya nchi alikuwa ameisaidia nchi nzima kujiuliza kama inatosha haki kutolewa, au ni lazima pia anayehukumiwa aelewe na aeleweke.

Ingekuwa si kweli kusema kwamba mambo yote ya jimbo hilo yametengenea. Machimbo ya Brunswick, yaliyotoa zinki na risasi tangu mwaka 1964, yalifungwa mwaka 2013. Kiwanda cha karatasi cha Bathurst kilikuwa kimekwisha fungwa mwaka 2005. Vijana huondoka kutafuta kazi mbali, na jimbo linaendelea kuzeeka. Serge Cormier wa Chama cha Kiliberali, aliyeshika kiti hicho mwaka 2015 na kukitetea hadi uchaguzi wa mwaka 2025, amelirithi suala lile lile la bima na kazi za msimu. Tangu mwaka 1867 hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa kuliwakilisha jimbo hilo, ingawa mikono mingi inayosindika kaa viwandani ni mikono ya wanawake. Nao Wami'kmaq wa Pabineau, jirani ya Bathurst, kama wenyeji wa asili wengine wenye kuandikishwa na serikali, walipewa haki kamili ya kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho mwaka 1960 tu, miaka 93 baada ya uchaguzi wa kwanza wa Gloucester. Waliodai haki ya wachache hawana budi kukumbuka kwamba wapo wachache zaidi yao.

Kutokana na hayo yote, yako mambo ambayo mtumishi wa umma popote alipo anaweza kuyachukua. Kabla ya kuchora mpaka, uwe wa jimbo, wa kata au wa eneo la shule, ni wajibu kwenda kuuona. Ramani haionyeshi watu wanakwenda soko gani, wanamzika wapi marehemu wao, wala wanalia kwa lugha gani. Kabla ya kuandika kanuni ya msaada au ya kodi, ni wajibu kuuliza majira ya watu yanavyokwenda, kwa kuwa kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mwenye mshahara wa kila mwezi humkaba mvuvi na mkulima. Na mwananchi anapoleta malalamiko juu ya mpaka, asionekane kuwa mkorofi. Mtu anayepinga kwa barua, kwa mkutano na kwa mahakama anaiamini serikali. Wa kuogopwa ni yule aliyekwisha nyamaza.

Kwa mwalimu kazi ni kubwa zaidi. Waakadia wa mwaka 1867 walikuwa wengi katika Gloucester, na bado ilikuwa miaka 27 kabla hawajajichagua wenyewe. Hawakukosa idadi, walikosa shule, magazeti, vyama vya ushirika na watu waliozoea kusimama mbele ya wenzao na kusema. Jimbo lilichorwa na serikali kwa siku moja, lakini wapiga kura wake walilelewa na walimu, na wanaushirika, na wahariri, kwa vizazi vitatu. Mpaka mzuri huwapa watu nafasi ya kusema. Kuwafundisha waseme, na waseme juu ya yale yanayowahusu kweli, ni kazi isiyofanywa na tume yoyote ya mipaka. Hufanywa darasani, mbele ya watoto ambao siku moja wataitwa kituoni kuhesabu kura, au kusimama mbele ya mstari mpya wa ramani na kuuliza umechorwa kwa faida ya nani.